Kisima Chako na Choo cha Jirani: Mwongozo wa Kulinda Maji ya Ardhini Pwani

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetumia maji ya kisima katika miji na vijiji vya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara. Unamhusu mwenye kisima, mpangaji anayechota uani, na jirani anayekuja na dumu lake bomba likikatika. Vifaa vya kuanzia ni vichache: kamba ndefu, futi ya fundi, kalamu na daftari. Kazi ya kwanza inamalizika asubuhi moja.

Kwanza ujue maji yako yametoka wapi

Jua linapopiga uso wa Bahari ya Hindi, maji hugeuka mvuke na chumvi hubaki baharini. Mvuke hupanda, hupoa, huwa mawingu, na upepo huyaleta nchi kavu. Kwetu mvua kubwa ni za masika, kati ya Machi na Mei, kisha vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Tone linaloanguka ni safi, au karibu safi. Linaanza kuchafuka likishagusa tulichokiacha juu ya ardhi.

Sehemu ya mvua hukimbilia mitaroni na kurudi baharini. Sehemu hunywewa na mimea, nayo huirudisha hewani kupitia majani. Inayobaki huzama polepole hadi pale ambapo kila upenyo kati ya chembe za mchanga, na kila ufa wa jiwe, umejaa maji. Hayo ndiyo maji ya ardhini. Hayajatulia, yanasogea siku zote kuelekea mabondeni na baharini. Kisima ni shimo lililoyafikia. Choo nacho ni shimo, na mara nyingi kimechimbwa na fundi yule yule, kwa sururu ile ile, katika kiwanja kile kile. Kiwanja kina mpaka juu ya ardhi. Chini hakina.

Aina ya ardhi ndiyo inayoamua uchafu utafika mbali kiasi gani. Mchanga laini hufanya kazi ya chujio: maji hupita taratibu, vijidudu vingi hunaswa njiani au hufa kabla ya kufika mbali. Jiwe la matumbawe ni jambo lingine. Limejaa nyufa na mapango madogo, na maji huweza kupita humo mita nyingi kwa muda mfupi bila kuchujwa hata kidogo. Sehemu kubwa ya Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya jiwe la namna hiyo. Kama fundi wako alichimba kisima kwa nyundo na patasi badala ya koleo, chukulia kwamba umbali peke yake haukulindi.

Watu wa Lamu wanalifahamu jambo hili kwa karibu. Vilima vya mchanga vya Shela, kando ya mji, hupokea mvua na kuihifadhi chini yake, na visima vya hapo ndivyo vinavyoupa Mji wa Lamu maji. Ndiyo maana ujenzi juu ya vilima vile hupingwa vikali. Nyumba huja na shimo la choo, na shimo hilo hukaa juu ya maji ya mji mzima.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, mji ulikuwa ukitegemea visima vilivyochimbwa katikati ya makazi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Na Agosti 2015 ugonjwa huo huo ulizuka Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi na kuvuka hadi Zanzibar.

Kagua kisima chako

Ukaguzi wa macho huonyesha mengi hata kabla ya kupeleka maji maabara, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia fomu za maswali mafupi kwa kazi hii. Chukua daftari, zunguka kisima, na ujibu ndiyo au hapana.

1. Kuna choo cha shimo, chemba au shimo la majitaka ndani ya mita 30, liwe lako au la jirani?
2. Choo kilicho karibu zaidi kiko upande wa juu wa mteremko?
3. Kuna jaa, banda la mifugo, gereji au sehemu ya kuoshea magari ndani ya mita 10?
4. Maji yanayomwagika husimama na kufanya tope karibu na kisima?
5. Ukingo wa kisima una nyufa, au ni mfupi kiasi kwamba maji ya mvua yanaweza kuuruka?
6. Sakafu ya saruji inayozunguka kisima haipo, imepasuka, au upana wake haufiki mita moja?
7. Kisima hakina mfuniko unaofunga vizuri?
8. Ndoo na kamba hulazwa chini baada ya kuchota?
9. Kila anayekuja hutumbukiza ndoo yake mwenyewe?
10. Ukimulika ndani kwa tochi, unaona maji yakichuruzika ukutani, katika mita 3 za juu?
11. Maji hubadilika rangi au harufu siku moja au mbili baada ya mvua kubwa?

Kila ndiyo ni mlango wa uchafu, lakini milango hailingani. Ndiyo kwa swali la 10 au la 11 ni nzito kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonyesha kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia kisimani moja kwa moja bila kuchujwa. Ukiwa na ndiyo hapo, usinywe maji hayo bila kuyatibu, hata kama yanang'aa na hayana harufu. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi wala ladha.

Choo: pima kina kabla ya umbali

Watu wengi wamesikia habari ya mita 30. Ni kanuni nzuri, lakini ina mwenzake anayesahauliwa: sakafu ya shimo la choo inapaswa kuwa juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5. Shimo likishagusa maji, kinyesi hakina tena udongo mkavu wa kupita. Kinaingia moja kwa moja katika maji yanayosogea.

Ili kujua maji yako chini kiasi gani:

1. Osha kamba na jiwe dogo kwa maji yenye klorini. Usishushe kisimani kitu kilichotoka chini.
2. Funga jiwe kwenye kamba, ushushe asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota.
3. Likigusa maji, shika kamba usawa wa ardhi (si usawa wa ukingo), uipandishe, upime sehemu iliyokauka.
4. Andika tarehe na kipimo.
5. Rudia mwishoni mwa masika, mwezi Mei, na mwishoni mwa kiangazi. Kipimo cha Mei ndicho cha kutumia kupangia choo, kwa sababu ndipo maji yanapopanda.

Tuseme mwezi Mei maji yalikuwa mita 4 chini, na eneo ni tambarare. Shimo la choo lisizidi mita 2.5. Kama maji yako mita 2 tu chini, kama ilivyo katika mitaa mingi ya mabondeni, shimo la kawaida halifai kabisa. Jenga choo cha kuinua: chemba iliyojengwa kwa tofali na saruji, sehemu kubwa ikiwa juu ya ardhi, na sakafu yake imezibwa, ili ijazwe na kunyonywa.

Fundi akikwambia «tuchimbe mpaka tupate maji, choo hakitajaa kamwe», mkatalie. Kwa upande wa kujaa anasema kweli. Hakijai kwa sababu kinamwagika chini, kuelekea visima vya mtaa.

Kuhusu kutapisha choo wakati wa mvua nitasema wazi: hakuna tendo moja linalodhuru maji ya mtaa kuliko hili. Mwenye nyumba anangoja mvua kubwa, anatoboa shimo, na kinyesi cha miezi mingi kinatoka na maji ya mtaroni, kinapita kwenye milango ya watu, kinaingia katika kila kisima chenye ukingo mfupi. Gari la majitaka lina gharama, najua, na njia nyingine ni nyembamba lisipite. Lakini gharama hiyo inaweza kugawanywa. Nyumba nne zikiita gari siku moja, au zikiweka akiba ya pamoja kila mwezi, jambo linawezekana. Anayeona choo kikitapishwa ana haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa afya wa kata.

Rekebisha kisima kwa mpangilio huu

Mpangilio una maana yake: unaanza na kisichohitaji fedha nyingi.

1. Ndoo moja na kamba moja. Ibaki hapo siku zote, itundikwe kwenye msumari au kapi, isiguse chini. Wengine wamiminiwe katika vyombo vyao.
2. Mfuniko. Wa bati au mbao, unaovuka ukingo kila upande, wenye komeo ambalo watoto hawawezi kulifungua.
3. Ukingo. Upandishe hadi karibu na kiuno cha mtu mzima. Unazuia maji ya mvua, na unazuia mtoto kutumbukia.
4. Sakafu ya zege. Upana wa mita 1.5 kila upande, yenye mteremko wa kutoka kisimani. Maji yanayomwagika yaelekezwe kwa mtaro hadi kwenye migomba au mpapai, mbali na kisima.
5. Kuziba mita 3 za juu. Hapa unahitaji fundi. Nyufa za ukuta wa ndani na nafasi kati ya ringi za zege zijazwe saruji, ili maji yalazimike kuzama chini kwanza kabla ya kuingia kisimani.
6. Pampu. Ya mkono au ya umeme, kisima kikiwa kimefunikwa moja kwa moja. Hii huondoa ndoo na kamba katika hesabu.

Ukiwa na fedha za jambo moja tu, fanya la kwanza na la pili.

Kutibu kisima kwa klorini

Fanya hivi baada ya ukarabati, baada ya mafuriko, au mnyama akitumbukia. Klorini huua vijidudu vilivyopo sasa tu. Chanzo cha uchafu kikibaki, vitarudi muda mfupi baadaye, kwa hiyo usitangulize dawa kabla ya saruji.

*Hesabu ya maji:* kipenyo × kipenyo × kina cha maji × 785 = lita. Vipimo vyote viwe kwa mita. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kina takriban lita 2,260.

*Kiasi cha dawa:* kwa kila lita 1,000, gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, au lita 1.5 za dawa ya maji ya kung'arishia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Kwa kisima cha mfano wetu ni gramu 180 za unga, au lita 3.4 za dawa ya maji. Soma nguvu kwenye lebo. Ikiwa tofauti, kiasi nacho kitabadilika.

1. Waarifu wote wanaochota, na weka maji ya akiba ya siku mbili.
2. Jaza maji nusu ndoo ya plastiki, kisha weka unga ndani ya maji. Usimwage maji juu ya unga. Acha utuame.
3. Mwaga maji yaliyo juu, bila machicha, ukizungushia kuta za kisima.
4. Pandisha na shusha ndoo safi mara nyingi ili dawa ichanganyike hadi chini.
5. Funga kisima kwa saa 12 au zaidi. Usiku unafaa.
6. Chota na umwage hadi harufu kali iishe. Usimwagie bustani wala bwawa la samaki.
7. Wiki moja baadaye peleka sampuli maabara ya maji. Omba vipimo vitatu: bakteria aina ya E. coli, nitrati na chumvi. Maji ya kunywa yasiwe na E. coli hata mmoja katika mililita 100.

HATARI: soma kabla ya kuanza
- Usishuke kisimani kusafisha. Hewa ya chini huweza kukosa oksijeni, na mtu huzimia kabla hajapata nafasi ya kuita. Anayeshuka kumwokoa hufa naye. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye vifaa.
- Usiwashe pampu ya petroli ndani ya kisima. Moshi wake unaua.
- Usichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo, siki au asidi yoyote. Gesi inayotoka huchoma mapafu.
- Vaa glavu na miwani, na simama upande upepo unakotoka.

Maji ya kunywa yatibiwe nyumbani hata hivyo

Kisima kizuri hupunguza hatari, hakiiondoi. Chagua njia moja na uishike kila siku:

- Chemsha hadi maji yatokote sawasawa kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.
- Tumia dawa ya kutibu maji ya kunywa inayouzwa dukani, kwa kipimo cha lebo, kisha ngoja dakika 30.
- Weka maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo.

Maji yenye vumbi au tope yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa, kwa sababu tope hudhoofisha klorini na huzuia jua.

Kuna kitu kimoja ambacho njia hizi zote haziondoi: nitrati. Hutokana na kinyesi na mbolea vilivyozama ardhini kwa muda mrefu, na kuchemsha huiongeza kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Kipimo cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, usitengenezee maziwa ya kopo ya mtoto mchanga kwa maji hayo. Damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Mtoto anyonye maziwa ya mama, au tafuta maji mengine.

Kisima kikianza kuwa cha chumvi

Hapa watu wengi hufanya kinyume cha linalotakiwa: wanachimba zaidi. Karibu na bahari, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ardhini. Kwa wastani, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Ukivuta kwa nguvu hadi kushusha uso wa maji nusu mita, tabaka la chini linaweza kupungua kama mita 20 baada ya muda, na chumvi hupanda kufuata pampu.

Kwa hiyo: usichimbe zaidi. Tumia pampu ndogo, vuta kidogo kidogo mara nyingi, na ujaze simtanki usiku badala ya kukamua kisima kwa saa moja. Paa lako likusanye mvua, ukiacha maji ya dakika za mwanzo yamwagike kwa kuwa yana vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayozidi yaelekeze kwenye shimo la kokoto uani, mbali na choo, yazame yarudi ardhini. Na usisakafie uwanja mzima kwa saruji, maana mvua isipopata pa kuzama huishia mtaroni.

Kabla ya kuchimba kisima kirefu cha mashine, omba kibali. Dar es Salaam na jirani zake wako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Unguja na Pemba anza na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ni vizuri kuijua ukiona gereji inafunguliwa kando ya mto.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

- Kugeuza kisima kilichokauka kuwa choo au jaa. Kisima hicho bado kimeungana na visima vingine vyote.
- Kumwaga oili chafu ya gari au kutupa betri kuukuu ardhini. Oili irudishwe kwa wanaoikusanya.
- Kuamini kwamba maji ya kina kirefu ni salama kwa sababu ni baridi na maangavu.
- Kupima umbali wa choo chako na kusahau vya majirani watatu.

Kosa hili la mwisho halirekebishwi kwa futi peke yake. Ukiona matofali na kokoto vinashushwa kiwanja cha pili, nenda mapema, na kwa heshima: «Hodi jirani. Kabla fundi hajapiga sururu, tupime pamoja. Kisima kiko pale, maji ya Mei yalikuwa mita 4. Choo tukikiweka upande ule, sote tutabaki salama.» Nenda na daftari lako lenye vipimo. Kusogeza choo kabla hakijachimbwa hakuna gharama. Baada ya hapo ni ugomvi wa miaka.

Ratiba ya mwaka

- *Februari:* kagua kisima kwa maswali 11, ziba nyufa, safisha mtaro, nyonya choo kabla ya masika.
- *Machi hadi Mei:* tibu kila tone la kunywa. Pima kina cha maji mwishoni mwa Mei.
- *Juni au Julai:* peleka sampuli maabara.
- *Septemba:* pima kina tena, safisha paa na mabomba ya kukingia mvua kabla ya vuli.
- *Mafuriko yakifunika kisima, mwezi wowote:* acha kukitumia, tangazia wachotaji wote siku hiyo hiyo, toa maji machafu kwa pampu iliyowekwa nje, kitibu kwa klorini, na usikifungue kwa ajili ya kunywa hadi majibu ya maabara yawe mkononi.